Chuma cha Ufipa na Vijidudu vya Bondeni

Leo naomba tusafiri pamoja mpaka Sumbawanga. Siku hizi safari hiyo si adhabu, maana kutoka Tunduma kuna lami. Lakini sisi tuliosafiri zamani juu ya malori, tukikaa juu ya magunia ya mahindi, tunakumbuka tulivyokuwa tukifika mjini. Nywele nyekundu, kope nyekundu, na shati jeupe limegeuka rangi ya tofali. Mama zetu walifua nguo hizo mara tatu na bado kola ilibaki na alama. Watu walisema hilo ni vumbi la Ufipa. Walisema kweli, ila hawakutaja jina lake la pili. Wekundu ule ni chuma. Ni chuma kilichoshikana na oksijeni, yaani kutu, na nchi nzima imepakwa rangi hiyo.

Nataka kuzungumza juu ya chuma hicho kwa sababu nina deni ambalo sijalilipa, na aliyenidai hayupo tena.

Mwaka 1962 nilikuwa darasa la nne. Siku moja tulinakili ubaoni somo la historia lililosema kwamba zana za chuma zililetwa nchini kwetu na wageni. Jioni babu yangu, mzaa baba, aliniita pale alipokuwa akiota moto, maana Ufipa ni nchi ya baridi na mwezi wa sita mtu hatoki nje bila blanketi. Akaniuliza, kama kawaida yake, "Mmesoma nini leo, mjukuu wangu?" Nikafungua daftari nikamsomea kwa majivuno. Babu alinyamaza kitambo. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na jembe la zamani lililolika mpaka likabaki kama kiganja cha mkono. Akaliweka miguuni pangu.

"Na hili lilikuja kwa meli?" aliuliza.

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Babu, hilo ni la kishenzi. Mwalimu anasema majembe ya kweli yanatoka dukani."

Babu hakugomba. Aliliokota jembe lake akalirudisha ndani. Tangu siku ile mpaka alipofariki hakuniuliza tena nimesoma nini. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa nilichofanya. Babu yangu, akiwa kijana, alikuwa mmoja wa watu waliobeba mawe na makaa kwenye tanuri la chuma.

Sasa tulieleze tanuri hilo, maana wengi wetu tunaoishi mijini hatujaliona. Wafipa waliliita ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Ni mnara wa udongo wenye urefu wa kama mita tatu au zaidi, mpana chini na mwembamba juu. Kuzunguka tako lake kulikuwa na matundu yaliyowekwa mirija ya udongo ya kupitisha hewa. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Urefu wa mnara wenyewe ndio uliovuta hewa, kama bomba la moshi linavyovuta moto wa jiko. Mafundi walijaza makaa na mawe ya chuma, wakawasha, na tanuri likawaka mchana na usiku. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye chuma kilichochanganyika na uchafu. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika ili kulisafisha. Baada ya hapo mhunzi akalifua likawa jembe, shoka au mkuki.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake. Mafundi walijitenga na wake zao muda wote wa kuyeyusha. Walikuwa na dawa zao, na tanuri lenyewe lilihesabiwa kama bibi harusi ambaye atazaa chuma. Wapo wanaocheka miiko hiyo. Mimi siku hizi sicheki haraka.

Tena msidhani habari hizi zilikuwa siri. Mwaka 1914 padre mmoja wa White Fathers, R. Wyckaert, alichapisha katika jarida la Anthropos makala juu ya wahunzi wa nchi hii ya Tanganyika. Mwaka 1937 R. C. H. Greig akaandika juu ya uyeyushaji wa chuma Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa hiyo mwaka 1962, siku niliyomcheka babu, ukweli ulikuwa umekwisha kuchapishwa miaka mingi. Ulikuwa kwenye makabati ya wasomi, lakini haukuwa ubaoni kwetu. Baadaye wataalamu wa mambo ya kale wa nchi yetu walikwenda kuchimba na kupima. Bertram Mapunda, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti wake wa shahada ya udaktari juu ya chuma cha kusini magharibi mwa Tanzania, akaukamilisha mwaka 1995. Mwaka 2010 alitoa kitabu kizima juu ya ufuaji chuma wa Wafipa.

Lakini je, ndani ya ilungu kulitokea nini hasa? Hapa naomba tuvumiliane kidogo, kwa sababu jibu lake ndilo litakalotupeleka kwenye jambo la ajabu zaidi.

Kila kitu duniani kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ina chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Umeme unaowasha taa yako ni elektroni zinazotembea kwenye waya. Chuma kinaposhika kutu hunyang'anywa elektroni, na mnyang'anyi ni oksijeni. Jiwe jekundu la Ufipa ni chuma kilichopungukiwa elektroni 3 kwa kila atomu. Kazi yote ya ilungu ilikuwa kuzirudisha. Makaa yanapoungua kwa hewa pungufu hutoa hewa yenye uchu wa oksijeni. Hewa hiyo huiondoa oksijeni kwenye jiwe, na chuma kinabaki na elektroni zake, kikiwa chuma kamili. Kwa hiyo babu yangu na wenzake walikuwa wakirudisha elektroni kwenye kutu, kwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, bila kipimajoto wala kitabu.

Naam. Sasa nifuate tushuke bondeni.

Nyuma ya kijiji chetu palikuwa na bonde la majani lenye maji yaliyotuama. Juu ya maji hayo mara nyingi palikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na chini yake tope jekundu kama uji wa mtama. Nilipokuwa mdogo tuliamini ni mafuta ya taa yanatoka ardhini, na tulijiona matajiri. Babu alitufundisha kupima. Alichukua kijiti akagusa utando. Ukakatika vipande vipande kama kioo kilichovunjika, wala havikuungana tena. "Mafuta yangejirudi," alisema. "Hiki ni chuma."

Alisema kweli tupu. Mafuta ukiyagusa hufunga tena. Utando wa chuma huvunjika na kubaki umevunjika. Lakini swali ambalo babu hakuweza kulijibu, na ambalo hata maprofesa wa Ulaya hawakuweza kulijibu wakati ule, ni hili: chuma hicho kimefikaje ndani ya maji? Kutu haiyeyuki majini. Ukiliweka jiwe jekundu ndani ya ndoo ya maji safi, mwaka mzima utalikuta jiwe. Nani basi aliyeliyeyusha bondeni, mahali pasipo na moto?

Jibu ni vijidudu viitwavyo bakteria.

Mwaka 1911 mtaalamu mmoja wa Durham, Uingereza, jina lake Michael C. Potter, alitangaza kwamba hamira na bakteria wanapokula chakula chao hutoa umeme kidogo, chini ya volti moja. Wengi hawakumjali. Umeme wa vijidudu wa kazi gani? Ikapita miaka zaidi ya 70. Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake walieleza habari za bakteria kutoka kwenye tope la Mto Potomac, Marekani, walioishi kwa kuipa kutu elektroni zao. Baadaye bakteria hao waliitwa Geobacter. Mwaka 1988 Charles Myers na Kenneth Nealson wakatangaza wengine kutoka Ziwa Oneida, katika jimbo la New York. Hao leo huitwa Shewanella.

Fikirini shida waliyo nayo viumbe hawa. Wewe na mimi tunapokula ugali, mwili unauvunja na kupata nguvu, na mwishoni zinabaki elektroni zinazotafuta pa kwenda. Sisi tunazikabidhi kwa oksijeni tunayovuta puani. Ndiyo maana mtu akikosa hewa dakika chache anakufa: hana pa kutua mzigo. Lakini ndani ya tope la bonde oksijeni imekwisha. Bakteria anaposhiba, mzigo wake ataupeleka wapi? Kando yake kuna punje ya kutu inayozitamani elektroni hizo. Lakini punje ni jiwe, haiwezi kuingia ndani ya mwili wake. Na mwili wake umezungukwa na ngozi mbili zisizopitisha umeme, kama waya ulivyovishwa plastiki. Ni kama mtu aliyefungiwa nyumbani na wageni wako nje, na mlango haufunguki.

Bakteria amelitatua jambo hili kwa kuweka waya ukutani. Waya huo ni protini, yaani vitu vya jamii ile ile inayojenga nyama ya mwili wetu. Katika Shewanella kuna protini moja yenye umbo la bomba iliyotoboa ngozi ya nje. Ndani ya bomba imelala protini ya pili, na juu yake, upande wa nje kabisa, imekaa protini ya tatu inayoligusa jiwe. Wataalamu wanaziita MtrB, MtrA na MtrC. Hizo mbili zinazobeba elektroni, MtrA na MtrC, kila moja ina vituo 10. Mwaka 2020 watafiti walichapisha picha ya umbo la mtambo huo mzima, na vituo hivyo vinaonekana vimepangwa foleni, kimoja karibu na kingine.

Mmepata kuona watu wakijenga shule kwa kujitolea? Wanajipanga mstari kutoka kwenye tanuri la matofali hadi kwenye ukuta. Tofali linapokewa na kupokezwa, mkono kwa mkono, na hakuna anayetembea hata hatua moja. Elektroni nazo hupokezanwa hivyo hivyo, kituo kwa kituo, kutoka ndani ya bakteria hadi kwenye jiwe. Jiwe likipokea elektroni moja kwa kila atomu ya chuma, chuma hicho hulegea na kuyeyuka katika maji. Kinatembea na maji chini ya ardhi. Kinapotokea juu na kukutana na hewa, kinashika kutu upya. Huo ndio utando wa rangi rangi, na hilo ndilo tope jekundu.

Na vituo hivyo vimetengenezwa kwa kitu gani? Hapa mimi mwenyewe nilisimama nikarudia kusoma. Kila kituo kina chembe moja ya chuma katikati. Kinaitwa hemu, na ni ndugu wa hemu iliyomo katika damu yetu, ile inayoipa damu rangi nyekundu. Kumbe bakteria huupeleka umeme kwenye chuma kwa kupitia chuma!

Nisije nikawadanganya. Bakteria hatengenezi jembe. Anarudisha elektroni moja tu kati ya zile 3, na kazi inaishia nusu ya njia. Kumaliza kazi kulihitaji makaa, moto na akili ya mafundi wa malungu. Lakini mwanzo wa kazi ni ule ule, yaani kuipa kutu kile ilichonyang'anywa. Na wataalamu wengi wanaona kwamba kupumua kwa chuma ni miongoni mwa namna za kale kabisa za kupumua duniani.

Wasomi nao hukosea, tena hukosea wakiwa makini. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba Geobacter wana nywele nyembamba zinazopitisha umeme, na kwa miaka mingi nywele hizo zilidhaniwa ni za aina fulani ya kawaida kwa bakteria. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti, kwa kutumia darubini ya elektroni yenye nguvu sana, yakaonyesha kwamba nyuzi walizozichunguza ni mnyororo wa protini zenye hemu, zilizoshikana kichwa kwa mkia. Mabishano hayakuisha siku hiyo. Lakini hakuna aliyeitwa mshenzi kwa kukosea. Walipima tena, wakasahihisha. Babu yangu naye na kijiti chake pale bondeni alikuwa akipima.

Habari hizi haziko Marekani peke yake. Katika Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, kuna ghuba iitwayo Kabuno. Maji yake ya chini hayana oksijeni na yamejaa chuma kilichoyeyuka. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba humo wamo bakteria wanaotumia mwanga wa jua kuchukua elektroni kutoka kwenye chuma, yaani wanafanya kinyume cha wale wa bondeni, wakati wengine wanazirudisha. Wataalamu wanakwenda Kabuno kwa sababu bahari za dunia changa, mabilioni ya miaka iliyopita, zinadhaniwa zilikuwa na maji ya namna hiyo.

Na je, umeme huo una faida kwa mtu wa kawaida? Upo mfano hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2017, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Seseme, Kisoro, nchini Uganda, watafiti kutoka Bristol, Uingereza, waliweka mtambo wa bakteria wanaokula mkojo. Elektroni zao zilipokewa na vipande vya kaboni badala ya jiwe, na umeme wake mdogo uliwasha taa za vyooni. Ni mwanga hafifu, hauwezi kuendesha hata pasi. Lakini mzazi mwenye binti bwenini anajua thamani ya taa ya chooni usiku. Sumbawanga, ambayo kwa miaka mingi ilikaa nje ya gridi ya taifa ikipata umeme kutoka Zambia, haiwezi kudharau taa ndogo.

Kuna faida nyingine ya nyumbani. Wengi wenu mijini mmechimba visima, na mmeona maji yakitoka safi kama machozi, kisha baada ya saa chache ndoo imegeuka nyekundu na nguo nyeupe zimeharibika. Si uchawi wala si hujuma ya jirani. Ni chuma kilichoyeyushwa chini kisiko na hewa, ambacho sasa kimekutana na hewa. Yaachie maji hayo yapate hewa, yatulie usiku kucha, kisha yachuje. Wekundu mwingi utabaki chini. Kuchemsha maji ya kunywa kuko pale pale.

Mwisho, nirudi kwenye deni langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda nyumbani nikaomba nipelekwe kuliona ilungu ambalo babu alilitaja. Lilikuwa limesimama porini, upande mmoja umebomoka, mti umeota katikati. Mavi ya chuma yalikuwa yametapakaa chini, mazito, meusi, yanagonga viatu. Kijana aliyenisindikiza, mjukuu wa ukoo wetu, yuko kidato cha tatu. Nikamwuliza hili ni nini. Akasema, "Babu, wanasema ni nyumba ya mizimu." Nikamwuliza kama shuleni amesoma jinsi kutu inavyorudishwa kuwa chuma. Akaitaja kanuni yote ya kemia bila kukosea hata herufi moja, akiwa ameegemea lile tanuri.

Hakujua kwamba kanuni aliyoisoma na udongo alioegemea ni kitu kimoja. Nikakaa naye kivulini nikamweleza yote: makaa, mirija ya hewa, elektroni, na mwisho jembe lililolika kama kiganja. Hakucheka. Aliinama akaokota kipande cha mavi ya chuma akakitia mfukoni, akasema atampelekea mwalimu wake wa kemia.

Malungu yaliyobaki kila masika yanapungua. Hayahitaji sifa zetu. Yanahitaji uzio, kibao chenye maneno machache ya kweli, na mwalimu atakayewapeleka watoto siku moja kwa mwaka. Wazazi mlioko mijini, mkienda likizo, waulizeni wazee walichokifanya kwa mikono yao kabla hawajanyamaza. Wakiwaletea jembe bovu miguuni, msicheke kama nilivyocheka mimi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.